Mafahali wawili katika zizi moja

(Maelezo haya yalisomwa redioni katika kipindi chetu cha kila wiki. Tunayachapa hapa kwa ajili ya wasomaji ambao hawakupata nafasi ya kuyasikia.)

Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Kwa wafugaji wa Karagwe na Kyerwa, huko mkoani Kagera, usemi huo hauhitaji maelezo. Aliyekwisha kuziona pembe za ng'ombe wa kule anajua kwa nini. Lakini leo, ndugu msikilizaji, nataka tuzungumzie zizi la aina nyingine, ambamo mafahali wawili wanaweza kukaa miaka mingi bila kupigana, ilimradi mwenye zizi ajue anachokifanya. Zizi hilo ni kompyuta. Mafahali wenyewe ni mifumo endeshi miwili, Windows na Linux.

Kwa nini tulizungumze jambo hili? Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilimaliza huduma yake ya kawaida kwa Windows 10, mfumo ulioanza kutolewa Julai 2015. Siku hiyo kompyuta hazikuzimika. Ziliwaka asubuhi kama kawaida, na ndiyo maana watu wengi hawakushtuka. Lakini tangu hapo, tundu la usalama likigunduliwa katika Windows 10 halizibwi tena, isipokuwa kwa wale waliojiandikisha kupata nyongeza ya muda, ambayo kwa watu binafsi iliwekwa kuishia Oktoba 2026. Nyumba ambayo fundi wake ameacha kuziba paa haianguki siku ile ile. Inangojea mvua.

Jawabu la Microsoft ni kwamba watu wahamie Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021. Hapo ndipo penye mgogoro. Windows 11 haikubali kila mashine. Inataka kumbukumbu ya gigabaiti 4, diski ya gigabaiti 64 na chombo cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Inataka pia prosesa ya miaka ya karibuni. Kwa zile za Intel, kwa kawaida ni kizazi cha nane kwenda mbele, na hicho kilianza kuuzwa mwaka 2017. Kompyuta iliyotengenezwa mwaka 2014 au 2015, hata kama ni nzima kabisa, inaachwa mlangoni.

Sasa twende Kayanga, makao makuu ya wilaya ya Karagwe, au Omurushaka penye njia panda, au tusogee hadi Nkwenda na Isingiro katika wilaya ya Kyerwa, iliyozaliwa mwaka 2012 kwa kuigawa Karagwe. Katika vituo vya biashara kama hivyo utakuta steshenari. Kwa jina ni duka la karatasi na kalamu, lakini kwa kazi ni ofisi ya umma isiyo na mshahara wa serikali. Hapo ndipo mzazi anapokwenda kutazama matokeo ya NECTA. Hapo ndipo mwanafunzi anapojaziwa maombi ya mkopo wa Bodi ya Mikopo, na kijana anapotuma maombi ya kazi. Barua ya ukoo, risala ya harusi na muhtasari wa kikao cha kijiji, vyote huchapwa hapo. Vyama vya msingi vya wakulima wa kahawa navyo vimeingia katika mambo haya. Mizani, majina ya wanachama na hesabu za kilo, vitu vilivyokuwa vikikaa katika daftari, sasa vinaingizwa katika mifumo ya kompyuta.

Na kompyuta zenyewe ni zipi? Mara nyingi ni mitumba. Zimekwisha kufanya kazi miaka mitano au sita katika ofisi za Ulaya au Marekani, zikaletwa Kampala au Dar es Salaam, na kutoka huko zikapanda basi hadi Kagera. Mwenye steshenari alijibana akanunua moja au mbili. Leo anaambiwa mashine yake imepitwa na wakati. Afanye nini?

Njia ya kwanza ni kununua mpya. Hiyo ni njia nzuri kwa mwenye fedha. Njia ya pili ni kuendelea kama kawaida na kujifanya hajasikia. Njia ya tatu, ambayo ni maarufu mno mitaani, ni kumwita fundi "apige Windows" ya wizi, iliyovunjwa kufuli. Hii ni hatari mara mbili. Kwanza, sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu na muziki. Pili, aliyevunja kufuli la programu hiyo humjui, wala hujui ameacha nini ndani. Kompyuta inayopokea namba za vitambulisho na nywila za watu wa kata nzima si mahali pa kumkaribisha mgeni usiyemjua.

Ipo njia ya nne, nayo ndiyo shabaha ya maelezo haya: kuiacha Windows mahali pake kwa kazi zinazoihitaji, na kuweka Linux kando yake kwa kazi nyingine zote, hasa zile za intaneti.

Linux ni mfumo endeshi ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Helsinki, Finland. Haumilikiwi na kampuni moja. Maelfu ya watu duniani wanauandika na kuurekebisha, na yeyote anaruhusiwa kuuchukua bure, kuunakili na kumpa jirani. Hutolewa katika vifurushi vyenye majina mbalimbali. Linux Mint ni kimoja. Kimeandaliwa hivi kwamba mtu aliyezoea Windows hapotei njia. Kingine ni Ubuntu, kilichoanza mwaka 2004, na jina hilo Mnyambo wa Karagwe hahitaji kutafsiriwa, kwani kwao ni obuntu, na kwetu Waswahili ni utu.

Wala tusidhani kwamba jambo hili ni geni kwetu. Mwaka huo huo wa 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao wa Sweden, walitoa Jambo OpenOffice, yaani programu huru za ofisi zenye maagizo yake yote kwa Kiswahili. Nchi ambayo mwaka 1974 ilipiga marufuku kuingiza kompyuta, miaka 30 baadaye ilikuwa inazifundisha Kiswahili.

Mtu atauliza: kama Linux ni nzuri na ni ya bure, kwa nini tusiifute Windows moja kwa moja? Swali ni zuri. Jibu ni kwamba kazi za watu hazifutiki kwa siku moja. Ipo programu ya hesabu aliyoizoea mhasibu wa chama, ambayo imeandikwa kwa ajili ya Windows tu. Zipo printa za bei nafuu ambazo watengenezaji wake hawakuziandalia programu ya Linux. Yupo mteja anayeleta kadi ya mwaliko iliyochorwa kwa programu ya Microsoft, na ukiifungua kwingine herufi zinaruka. Mwenye duka akiifuta Windows leo, kesho atawafukuza wateja. Ndiyo maana twasema mafahali wote wawili wakae.

Hebu basi tuone jinsi wanavyokaa.

Unapobonyeza kitufe cha kuwasha, Windows siyo inayoamka kwanza. Inayoamka kwanza ni programu ndogo iliyomo ndani ya chipu, katika ubao mkuu wa kompyuta. Kwa mashine za zamani inaitwa BIOS, na kwa mashine za karibuni inaitwa UEFI. Huyu ndiye mlinzi wa lango. Anakagua kumbukumbu, kibodi na diski, kisha anauliza: mfumo endeshi uko wapi? BIOS hutafuta jibu katika kipande cha kwanza kabisa cha diski, chenye ukubwa wa baiti 512 tu. UEFI hutazama sehemu ndogo maalumu ya diski, ambamo kila mfumo umeacha faili yake ya kuamshia.

Ukiweka Linux kando ya Windows, Linux huja na programu iitwayo GRUB, ambayo kazi yake ni kukuandikia orodha katika kioo: unataka Linux, au unataka Windows? Unapewa sekunde chache uchague kwa vitufe vya mishale. Usipochagua, GRUB itakuchagulia ile ya kwanza. Mfumo mmoja unaamka, mwingine unabaki usingizini katika sehemu yake ya diski. Hiyo ndiyo siri ya amani katika zizi letu. Mafahali hawapigani kwa sababu hawaamki kwa wakati mmoja, na kati yao kuna ukuta.

Ukuta huo ni mgawanyo wa diski. Tuseme diski yako ni ya gigabaiti 500. Unaweza kuiachia Windows gigabaiti 250, ukaipa Linux 50, na gigabaiti 200 zilizobaki ukazifanya ghala la nyaraka za pamoja. Linux Mint inaridhika na gigabaiti 20 na Ubuntu 25, lakini ni vizuri kuacha nafasi ya kupumulia. Ghala la pamoja litengenezwe kwa mtindo wa Windows. Linux inaweza kusoma na kuandika katika diski ya Windows, lakini Windows kwa kawaida haizioni faili zilizowekwa kwa mtindo wa Linux. Usipoliangalia hilo, utaandika barua upande mmoja na kuitafuta upande wa pili bila kuiona.

Sasa nitaeleza hatua za kazi, na namwomba msikilizaji mwenye kalamu aichukue.

Hatua ya kwanza ni kunakili nyaraka zako zote katika diski ya nje, na kuhakikisha kwamba nakala zinafunguka. Narudia: zote, na zinafunguka. Kugawa diski ni sawa na kuhamisha mpaka wa shamba usiku. Kwa kawaida huenda salama, lakini ukikosea unapoteza mavuno. Orodha ya wanachama wa ushirika au vyeti vya wateja havipaswi kuwa katika mahali pamoja tu siku hiyo.

Hatua ya pili ni umeme. Kwa miaka mingi mkoa wa Kagera ulitegemea umeme ulionunuliwa Uganda. Huko Murongo, wilayani Kyerwa, kwenye mto Kagera, kipo sasa kituo cha umeme wa maji ambacho nchi zetu mbili zinagawana umeme wake. Hata hivyo, nguzo ikianguka kwa radi haitaangalia kama wewe uko katikati ya kugawa diski. Kama unatumia laptopu, betri ijae kwanza. Kama ni kompyuta ya mezani, iunganishwe na betri ya akiba, au ngoja siku tulivu.

Hatua ya tatu inafanywa ndani ya Windows yenyewe. Katika mipangilio ya umeme, zima ule mtindo wa kuwaka haraka. Kwa mtindo huo, ukizima kompyuta Windows haizimiki kabisa. Inasinzia, ikiwa imeacha kazi zake nusunusu katika diski. Linux ikiingia na kuandika humo, faili zinaweza kuharibika. Vilevile, kama diski imefungwa kwa BitLocker, tunza ufunguo wake mahali salama, kisha ulifungue kufuli hilo kabla ya kuendelea. Halafu tumia chombo cha Windows cha kusimamia diski uipunguze sehemu yake, ili ibaki nafasi tupu. Ni afadhali Windows ijipunguze yenyewe kuliko kukatwa na mgeni.

Hatua ya nne ni flashi. Pakua kifurushi cha Linux kutoka katika tovuti ya wenyewe, si kwa mtu wa kando, na ukiandike katika flashi ya gigabaiti 8 kwa programu maalumu ya kazi hiyo. Kunakili faili tu hakutoshi. Kifurushi ni kikubwa, gigabaiti mbili na zaidi, kwa hiyo ni busara watu wachache wachange bando, wapakue mara moja, kisha wapeane. Kufanya hivyo si wizi. Ndivyo wenye Linux walivyoruhusu.

Hatua ya tano, zima kompyuta, chomeka flashi, washa, na bonyeza mara kadhaa kitufe cha kuchagulia mahali pa kuamkia. Kwa mashine nyingi ni F12, F9 au Esc. Linux itaamka kutoka katika flashi bila kugusa diski yako. Hapa usiwe na haraka. Jaribu intaneti, jaribu sauti, jaribu printa. Kama printa yako haitambuliwi, ni heri ulijue sasa.

Hatua ya sita, ukiridhika, amuru Linux iingie katika diski, na uchague kukaa kando ya Windows. Usichague kufuta diski yote. Maneno haya mawili yako jirani katika kioo, na tofauti yake ni tofauti ya ukarabati na moto. Baada ya nusu saa hivi mashine itawaka upya, na orodha ya mlango itatokea.

Jambo moja la mpangilio: kama unaanza na diski tupu, weka Windows kwanza na Linux baadaye. Windows inapoingia hujiweka mbele ya foleni, wala haimweki mwenzake katika orodha. Linux humtafuta mwenzake na kumwandika. Pengine hata baada ya miezi, Windows ikijifanyia marekebisho makubwa, inaweza kujirudisha mbele, na Linux ikaonekana kama imepotea. Haijapotea. Ingia katika mipangilio ya UEFI, uirudishe mbele. Na ukichoka na Linux, usiifute sehemu yake ghafla kabla ya kuirudishia Windows ufunguo wa mlango, kwani kwa mashine za zamani utabaki na kompyuta isiyojua pa kwenda.

Kuna kituko kidogo ambacho huwachanganya wengi. Unatoka Linux, unaingia Windows, na saa imerudi nyuma kwa saa tatu. Si uchawi. Linux huiweka saa ya mashine katika majira ya dunia, na Windows huisoma kama majira ya hapa. Baina yake na sisi wa Afrika Mashariki ni saa tatu kamili. Ipo amri moja ya kuifanya Linux ifuate majira ya hapa, na fundi yeyote anayeijua Linux atakuwekea. Sisi ambao tunasema saa moja asubuhi wakati saa ya Kizungu inaonyesha saba, hatuwezi kuishangaa mashine yenye hesabu mbili za saa.

Faida yake ni nini katika kazi ya kila siku? Chukua flashi za wateja. Kila mwenye steshenari anaijua ile flashi inayokuja na mafaili yaliyojificha, yamebaki majina ya uongo tu. Virusi hivyo vimeandikwa kwa ajili ya Windows. Ukiifungua flashi hiyo upande wa Linux, kwa kawaida mafaili ya kweli utayaona na virusi havitapata pa kushika. Simaanishi kwamba Linux haiwezi kushambuliwa. Nywila dhaifu ni dhaifu popote, na tapeli anayekuomba namba ya siri hajali unatumia mfumo gani. Lakini kwa mfumo unaoendelea kupata marekebisho, angalau paa linazibwa.

Faida ya pili ni maisha ya mashine. Kompyuta ya mwaka 2014 yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 inaweza kuendelea kufungua tovuti na kuandika barua kwa miaka mingine kadhaa kwa Linux nyepesi. Kwa shule ya sekondari yenye mashine kumi za msaada, hiyo ni tofauti kati ya darasa na stoo.

Lakini, ndugu msikilizaji, faida ambayo mimi naiona kubwa kuliko zote ni ile ya uhuru wa kuchagua. Wakulima wa Kagera wanalijua neno butura. Ni kule kuuza kahawa ikingali maua mtini, kwa mtu mmoja, kwa bei yake, kwa sababu una shida leo. Mavuno yakija, jasho ni lako na mali ni yake. Serikali na vyama vya ushirika vimepiga vita butura kwa sababu mwenye mnunuzi mmoja tu hana bei. Basi na katika kompyuta ni hivyo hivyo. Ofisi ambayo kazi zake zote zinafunguka kwa mfumo mmoja wa kampuni moja, siku kampuni hiyo ikisema "nunua mashine mpya", haina la kujibu. Ofisi yenye mifumo miwili inaweza kujibu: tutanunua tukiwa tayari.

Kwa hiyo wito wangu ni kwa vyama vya msingi, shule na wenye maduka ya Karagwe na Kyerwa, na pia kwa ninyi wa mijini mnaosoma haya mkidhani ni habari za mbali. Mitumba ya Kayanga ni ndugu wa mitumba ya Kariakoo. Kabla ya kuitupa mashine, na kabla ya kumwita fundi apige Windows ya wizi, tafuteni mtu anayeijua Linux, mkae naye nusu siku. Mnaposubiri, anzeni na ile hatua ya kwanza, ambayo haihitaji fundi. Nakilini nyaraka zenu, leo kabla ya jioni.

Tukutane tena wiki ijayo, Mungu akipenda.